Kidole Badala ya Kipanya

Mama mpendwa, hebu itazame mikono ya nyumbani kwako. Upo wa baba, uliokomaa kwa mpini wa jembe. Upo wa bibi, wenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Upo wa mtoto wa miaka mitano ambaye bado anajifunza kushika penseli. Na katika nyumba nyingine upo wa mtoto ambaye tangu azaliwe mkono wake haujatulia: akitaka kushika kikombe, mkono unakwenda kando.

Siku hizi kila mmoja wa hao anaweza kujikuta mbele ya kompyuta. Katika kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, kama ilivyo katika miji mingine yetu, maombi ya mkopo wa chuo hujazwa kwa kompyuta, maombi ya kazi serikalini vivyo hivyo, na barua ya kikundi huchapwa kwenye duka la steshenari. Watoto nao husikia habari za masomo yanayofundishwa kwa kioo. Lakini kompyuta nyingi za mezani bado zinaendeshwa kwa kile kidude tunachokiita kipanya, na wengine wanakiita mausi. Na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Je, umewahi kumsikia mtu mzima akisema, "Mambo ya kompyuta niachieni, mimi sina akili hiyo"? Au mtoto akiambiwa na wenzake kwamba hawezi? Katika makala haya tunataka kusema jambo moja: aliyeshindwa na kipanya hajashindwa na akili. Ameshindwa na kifaa, na kifaa hubadilishwa. Kipo kioo cha kugusa, ambacho mtu hukiendesha kwa kidole chake mwenyewe. Ila kioo hicho nacho kinahitaji kuandaliwa, na mtumiaji anahitaji mtu wa kumwelekeza. Mara nyingi mtu huyo ni mama.

Kipanya kinadai nini?

Sisi tuliozoea huona kipanya ni kitu chepesi. Lakini fikiri kidogo. Mkono uko mezani, jicho liko kwenye kioo, na kimshale kinatembea mahali ambapo mkono haupo. Ni lazima ubongo uunganishe vitu hivyo vitatu. Kisha unatakiwa kubonyeza mara mbili upesi bila mkono kusogea hata kidogo. Wakati mwingine unatakiwa kubonyeza na kushikilia huku unavuta. Kwa mwenye vidole vinavyouma, au mkono unaotetemeka, hiyo ni kazi ngumu kuliko kupeta mchele gizani.

Kioo cha kugusa huondoa ugumu huo wa kwanza. Unachokiona ndicho unachokigusa. Mtoto mchanga huanza kuijua dunia kwa kunyoosha kidole, hivyo hahitaji kufundishwa upya.

Wengine hudhani kioo cha kugusa ni jambo la juzi. La hasha. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika jimbo la California, Marekani, kwa wazo la Douglas Engelbart. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu chini yake, na kilionyeshwa hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Mwaka 1965, huko Uingereza, mhandisi E. A. Johnson alikuwa tayari ameandika juu ya kioo kinachoguswa kwa kidole, akiwafikiria waongozaji wa ndege. Kwa hiyo kipanya na kioo ni marika. Kimoja kilitangulia kuingia maofisini, kingine kikachelewa njiani.

Vishikwambi vilivyobisha hodi

Kwa kaya nyingi za Tanzania, siku ya kukumbuka ni ile ya sensa ya watu na makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Sensa ya mwaka 2012 makarani walibeba madodoso ya karatasi. Safari hii walifika mlangoni na vishikwambi, yaani zile kompyuta bapa zisizo na kipanya wala kibodi ya kubonyeza. Karani aliuliza, ukajibu, naye akagusa kioo. Katika mkoa wa Katavi peke yake walihesabiwa watu 1,152,958.

Baada ya sensa, serikali iliamua vishikwambi hivyo vigawiwe kwa walimu. Kwa hiyo mwalimu wa mtoto wako huenda anacho kifaa cha namna hii, naye ni mtu wa kwanza wa kumwuliza kabla hujatoa fedha yako kununua. Mwombe akuonyeshe, ukiguse mwenyewe, uone kama vidole vyako vinapatana nacho.

Tunaweza pia kujifunza kutoka mkoa wa Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019 lilifanyika huko jaribio kubwa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao, asilimia 74, ilielezwa kwamba hawakuwahi kwenda shule kabisa. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Viliwekwa vituo vya umeme wa jua vya kuchajia, na akina mama wa vijijini walikuwa miongoni mwa waliokabidhiwa kazi ya kuvisimamia.

Baada ya miezi 15, idadi ya wale wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi kuu iligawanywa kwa programu mbili, Kitkit School na onebillion. Tuzingatie mambo mawili hapa. Kwanza, mtoto asiyewahi kuona kompyuta aliweza kuanza kwa kidole, bila somo la kipanya. Pili, nusu nyingine bado hawakuweza kusoma. Kioo hufungua mlango, lakini hakichukui nafasi ya mwalimu wala ya mzazi.

Vioo si vya aina moja

Kabla ya kununua, ujue kwamba zipo aina mbili zinazoonekana mara nyingi. Aina ya kwanza ni kioo cha kubonyezwa. Ndani yake mna tabaka mbili nyembamba, na ukibonyeza zinagusana. Hiki hukubali ukucha, kijiti, hata mkono wenye glavu. Ubaya wake ni kwamba hudai nguvu kidogo, na mara nyingi hutambua kidole kimoja tu kwa wakati mmoja.

Aina ya pili ndiyo iliyo katika simu nyingi za sasa na katika vishikwambi. Hiki huhisi badiliko dogo sana la umeme kwenye kioo kidole chako kinapokigusa, kwa hiyo hakihitaji kubonyezwa. Kugusa kwa upole kunatosha. Lakini kijiti cha mti hakikisikii, glavu ya kawaida hakiisikii, na kidole chenye maji hukichanganya. Ngozi iliyokauka sana na kuwa ngumu, kama ya mtu aliyetoka kulima, nayo wakati mwingine hukisumbua. Usikasirike ukafikiri kifaa kimekufa. Nawa mikono, ikaushe, paka mafuta kidogo, subiri yakauke, halafu jaribu tena kwa ule upande laini wa kidole, si kwa ncha.

Na kama unayo kompyuta ya mezani tayari, si lazima uitupe. Unaweza kununua kioo cha kugusa cha pekee kikaunganishwa nayo, au fremu maalumu inayowekwa juu ya kioo ulicho nacho. Kwanza uliza kama vipimo vinalingana. Kwa kuwa vifaa vingi hufika Mpanda kwa basi au treni kutoka mbali, kubaliana na muuzaji juu ya kurudisha kisipofaa.

Kukiweka tayari hatua kwa hatua

Kosa linaloonekana mara nyingi ni la nyaya. Kioo cha kugusa cha pekee huhitaji waya mmoja wa kuleta picha na waya mwingine wa USB wa kupeleka habari za kidole. Wengi huunganisha ule wa picha, wakiona picha imetokea hudhani kazi imekwisha. Kisha hugusa wee, kimya! Hakikisha nyaya zote mbili zimeingia.

Hatua ya pili ni kulinganisha kioo na kidole. Ukigusa herufi A na kompyuta ikadhani umegusa S, kifaa hakijalinganishwa. Katika kompyuta zenye Windows upo ukurasa uitwao Tablet PC Settings. Hapo unaiambia kompyuta ni kioo kipi kinachoguswa, kisha unagusa alama za msalaba zinazotokea moja baada ya nyingine. Kama huwezi, mwombe kijana wa steshenari akufanyie mbele yako huku ukitazama, ili siku nyingine ufanye mwenyewe.

Hatua ya tatu ni kukuza. Picha ndogo na maandishi madogo yaliwekwa kwa ajili ya kimshale chembamba cha kipanya, si kwa ajili ya kidole cha mtu. Nenda kwenye mipangilio ya kioo, kuza vitu vyote mpaka asilimia 125 au 150. Katika simu na vishikwambi vya Android unaweza pia kuchagua lugha ya Kiswahili, jambo linalomsaidia sana bibi.

Hatua ya nne ni mahali pa kukiweka. Kioo kikisimama wima mbele yako, mkono hukaa hewani na bega huchoka upesi. Kilaze kwa mwinamo, kama kitabu kilichoegemezwa kwenye mto, chini ya usawa wa kifua. Dirisha liwe ubavuni, ili mwanga usimpige mtumiaji machoni.

Kumfundisha bibi

Usianze na mambo kumi. Yapo manne tu ya kuanzia. Kugusa mara moja na kuachia ni sawa na kubonyeza kipanya. Kugusa na kushikilia kidogo ni sawa na kubonyeza kitufe cha kulia. Kusukuma kwa kidole juu au chini ni kupitisha ukurasa. Kutanua vidole viwili ni kukuza, na kuvikutanisha ni kupunguza.

Wazee wengi hugusa kwa nguvu, wakidhani kioo ni kengele ya mlango. Wengine huacha kidole kikae muda mrefu, na kifaa huelewa kwamba ameshikilia. Mwambie agonge kama anayejaribu pasi kuona imepata moto. Mfano huo wataelewa mara moja.

Tena usimnyang'anye kifaa na kumfanyia. Mshike mkono, mwache akosee, mwonyeshe jinsi ya kurudi mwanzo. Mama mkwe aliyeweza mwenyewe kufungua picha ya mjukuu wake aliyeko Dar es Salaam hatasema tena kwamba hana akili hiyo.

Mtoto ambaye mkono haumtii

Sasa tufike kwa yule ambaye kwake jambo hili si la kurahisisha tu, bali ni mlango wenyewe. Yupo mtoto mwenye mtindio wa ubongo au udhaifu wa misuli. Anaelewa yote unayomwambia, lakini hawezi kushika kalamu, na ulimi wake ni mzito. Watu humtazama na kusema hajui kitu. Akipewa kipanya, kinamkimbia, nao husema, "Si mnaona?"

Mama, usikubali hukumu hiyo kabla hujampa kifaa kingine. Kwa mtoto wa namna hii hata kioo cha kugusa hakitoshi kama kilivyotoka dukani, ila kinaweza kurekebishwa.

Anza na kikao. Miguu yake ikanyage chini au juu ya kigoda, mgongo uegemee, na kiwiko kipate mahali pa kutulia. Chini ya kishikwambi weka kipande cha tyubu ya baiskeli ili kisiteleze anapokisukuma.

Kisha fungua mipangilio ya ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Katika Android unaweza kurefusha muda wa kugusa na kushikilia, ili kidole kinachokawia kisieleweke vibaya. Katika iPad unaweza kukiamuru kifaa kisisikie mguso mpaka kidole kimetulia kwa muda unaouchagua, na kisihesabu migongo inayojirudia kwa sababu ya kutetemeka. Hayo hayahitaji fedha ya ziada, yamo ndani tayari.

Kama mkono wake wote huangukia kioo, kata kadibodi nene ipate ukubwa wa kishikwambi, kisha toboa matundu juu ya zile picha anazotakiwa kugusa. Atapumzisha mkono kwenye kadibodi na kuingiza kidole penye tundu. Anza na matundu mawili: ndiyo na hapana. Asiyeweza kunyoosha kidole anaweza kufungiwa mkononi kalamu maalumu ya kioo, yenye ncha laini ya mpira. Mwingine hutumia kifundo cha ngumi, na hilo pia ni sawa.

Mpe nafasi ya kujibu. Uliza swali, kisha nyamaza, uhesabu moyoni mpaka kumi au zaidi. Mkono wake una safari ndefu kuliko wako. Kama ipo njia, mwone pia mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, akuonyeshe kikao kinachomfaa mtoto wako, maana watoto hawa hawafanani.

Siku mtoto huyo atakapogusa picha ya maji na wewe ukampa maji, utakuwa umemsikia akisema. Shule nayo itakuwa na jambo la kuanzia.

Vumbi, maji na chaji

Kiangazi cha Mpanda kina vumbi. Kioo chenye chembe za mchanga kikifutwa kwa nguvu hukwaruzika. Zima kifaa, puliza vumbi kwanza, kisha futa taratibu kwa kitambaa laini cha pamba chenye unyevu mdogo. Usimwage maji juu ya kioo, wala usitumie sabuni ya unga au steelwire ya sufuria. Waliotoka kuchuma tumbaku wanawe utomvu, na waliokuwa wakila karanga za kukaanga wafute mafuta, kabla ya kugusa.

Ukiona kioo kinajigusa chenyewe, kinaruka na kuandika herufi ambazo hukuzigusa, usikimbilie kusema kina pepo. Chomoa chaji kwanza. Chaja mbovu au ya bei ya chini sana huingiza umeme usiotulia, na kioo hudhani ni kidole. Kikitulia baada ya kuchomoa, badilisha chaja.

Kipanya kisitupwe

Baada ya kusema hayo yote, hatusemi kipanya hakina faida. Anayechapa kurasa nyingi, anayechora, au anayejaza hesabu za kikundi cha vikoba katika visanduku vidogo vidogo, atafanya kazi upesi zaidi kwa kipanya na kibodi. Kidole ni kinene na hufunika kile unachotaka kukiona. Nyumba yenye vyote viwili humwachia kila mtu achague.

Tena kipo kisa ambacho kipanya huokoa. Simu ikianguka, kioo kikaacha kuhisi lakini picha bado inaonekana, simu nyingi za Android hukubali kipanya kwa kiunganishi kidogo cha USB. Kimshale hutokea, nawe unaweza kutoa picha na namba zako kabla ya kuipeleka kwa fundi.

Mpaka wa muda

Jambo la mwisho ni kiasi. Kwa kuwa kidole ni rahisi, mtoto mdogo anaweza kukaa na kioo kutwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na mwenye miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Funga kifaa kibaki kwenye programu moja ya somo, weka namba ya siri unayoijua wewe, na keti naye. Mtoto anayejifunza akiwa amekaa na mama huuliza maswali, lakini aliyeachwa peke yake hugusa tu mpaka usingizi umchukue.

Mama mpendwa, huenda huna fedha ya kununua kifaa leo. Hata hivyo lipo la kuanza nalo. Chukua simu yenye kioo cha kugusa iliyo karibu, yako au ya jirani, kuza maandishi yake, ilaze juu ya mto, kisha mwite yule wa nyumbani kwako aliyeambiwa hawezi. Mpe muda, na utazame kidole chake kinakwenda wapi.